Hivi Canon na Nikon walikuwa wamelala kweli? Na kama walilala, mbona Sony hajawamaliza?

#1 Kinyonga wa Tabata

Wakuu, habari za humu. Nina hoja nataka tuibishanie.

Oktoba 2013 Sony alitoa A7 na A7R. Kamera za kwanza zisizo na kioo ndani ambazo zilikuwa na sensa ya fremu kamili (ukubwa wa filamu ya 35mm), lenzi za kubadilisha na fokasi ya kujiendesha. Nikon akajibu na Z6 na Z7 Agosti 2018. Canon akafuata wiki mbili baadaye na EOS R. Miaka mitano nzima! Watu waliotawala uwanja tangu enzi za filamu walikuwa wanafanya nini muda wote huo?

Upande wa pili sasa. Mtu kaachiwa uwanja miaka mitano, mbona hajawamaliza? 2024 Canon walitangaza kwamba ni mwaka wa 21 mfululizo, tangu 2003, wao ni namba moja duniani kwa kamera za lenzi za kubadilisha.

Swali la kwanza mimi najibu: kiburi. La pili sina jibu. Karibuni.

#2 Bahili Mkuu

Nimekaa siti ya mbele na chai ya rangi. Timu Nikon wakifika mniamshe.

#3 Mzee wa Filamu

Kiburi hapana mkuu, ilikuwa hesabu. Mwenye daladala za Kimara hawezi kuwa wa kwanza kushangilia mwendokasi. Canon na Nikon walikuwa wanauza DSLR, zile kamera za dijitali zenye kioo ndani, kwa mamilioni, mitambo ya kutengeneza vioo na prizma ilishajilipa, kila kamera inayotoka ni faida. Utoe kitu kipya kije kuua cha kwako mwenyewe?

Sony hakuwa na cha kulinda. Biashara yenyewe ya kamera za lenzi aliichukua kwa Konica Minolta 2006, na kwenye DSLR alikuwa wa tatu kwa mbali. Mtu wa namna hiyo akicheza pata potea hapotezi kitu.

#4 NairobiRaw254

Hapo kwa 2018 mmenoa wazee. Nikon alitoa Nikon 1 Septemba 2011, zile J1 na V1. Canon akaleta EOS M Julai 2012. Zote hazina kioo. Sasa uliza kwa nini walileta vitu nusu nusu. Nikon 1 ilikuwa na sensa ya inchi moja, ndogo hata kuliko ya Olympus na Panasonic. EOS M ya kwanza fokasi ilitambaa mpaka wakatoa apdeti 2013. Hakuna moja kati ya hizo ingeweza kutishia DSLR zao kama Nikon D7000 ama Canon 7D, na hiyo ilikuwa makusudi, bana.

Tena kama ni historia, aliyeanza hii kitu si Sony. Panasonic G1, 2008. Olympus akafuata na E-P1 2009.

#5 Mpita Njia

Kama mnataka kwenda nyuma, Epson R-D1 ya 2004 haina kioo na lenzi zake zinabadilika. Nimepita tu.

#6 Kinyonga wa Tabata

> NairobiRaw254 alisema: Hapo kwa 2018 mmenoa wazee

Mkuu rudi juu usome tena, nimeandika fremu kamili. Nikon 1 kwenye uzi huu haina kiti.

#7 NairobiRaw254

Haina kiti kwa sababu inavunja hoja yako. Sawa basi, endelea.

#8 Fundi Lenzi

Nyie mnaongelea biashara, mimi hivi vitu navifungua mezani. Ngoja niwape upande wa bisibisi.

Kioo kikitoka, kinachobadilika kikubwa ni umbali kutoka mdomo, pale lenzi inaposhikana na kamera, hadi kwenye sensa. Mdomo wa Nikon F, wa 1959, ni milimita 46.5. Canon EF wa 1987 ni 44. Nafasi yote hiyo ilikuwa ya kioo kupanda na kushuka. Sasa angalia mipya: Canon RF 20, Sony E 18, Nikon Z 16.

Ukisema ubaki na mdomo wa zamani, unatembea na uwazi usio na kazi ndani ya kamera. Pentax walijaribu 2012 na K-01, ikafa mapema. Ukiweka mdomo mpya, umewaambia watu wenye lenzi za miaka 50 kwamba kuanzia leo wanahitaji kipande cha katikati, adapta. Na Canon walishaungua hapo. 1987 walipoutupa mdomo wa FD wakaleta EF, wateja waliwanunia kwelikweli.

Mdomo unaubadilisha mara moja katika miaka 30 au zaidi, huna nafasi ya kukosea. Sony mdomo wake una kipenyo cha milimita 46.1, ulichorwa kwa ajili ya kamera zake za NEX za 2010 zenye sensa ndogo, baadaye ndiyo wakaiingiza fremu kamili humohumo kwa kubana. Canon wakaja na 54, Nikon 55. Mimi kuchelewa kwao nakuona ni kuchora vizuri kabla ya kujenga.

#9 Mswahili wa Muscat

Fundi nakuheshimu, lakini kipenyo ni maneno ya mabango. Chukua lenzi ya 50mm f/1.2, weka kwenye mizani. Ya Nikon Z gramu 1,090. Ya Canon RF 950. Ya Sony, yenye huo mdomo mnaouita mdogo, 778. Na picha zake hazina ila. Sasa huo upana wa mdomo umemsaidia nini mbebaji?

#10 Fundi Lenzi

Umemsaidia Nikon kutengeneza lenzi ya Noct, 58mm f/0.95, inayomeza mwanga mwingi mno.

#11 Bahili Mkuu

Noct ile ya dola 8,000, kilo mbili, na fokasi unazungusha mwenyewe kwa mkono? Hicho ni kiwanja Chanika mzee. Tena na msingi ushachimba.

#12 Fundi Lenzi

Sijasema ununue.

#13 harusi_tu

Swali la pili la mleta mada naomba nilijibu mimi, maana nimeliishi.

Mimi ni mtu wa harusi, send-off, kitchen party, ubarikio, yote. Nilikuwa na DSLR ya Canon, 5D Mark III, na lenzi za EF: 24-70, 70-200, 85. Vijana wangu wote wakahamia Sony A7 III ilipotoka 2018. Wallahi nilitamani. Dola 2,000 bodi, kadi mbili, na betri ile mpya ya FZ100, yenye uwezo zaidi ya mara mbili wa ile FW50 ya mwanzo. Nikapiga hesabu ya kuuza lenzi zangu zote kwa bei ya mtumba ninunue za Sony kwa bei ya dukani. Nikafunga daftari.

Ilipokuja Canon R6, isiyo na kioo, mwaka 2020 nikachukua bodi moja na adapta ya Canon. Ile adapta haina glasi ndani, ni bomba lenye nyaya tu. Lenzi zangu za zamani zikaanza kufanya kazi vizuri kuliko zilivyokuwa kwenye 5D, kwa sababu sasa fokasi inapimwa kwenye sensa yenyewe. Yale mambo ya 85 kushika nywele badala ya jicho yakaisha. Kesho yake nilikuwa kazini, hakuna mteja aliyejua nimebadilisha kitu.

Watu kama mimi tuko wengi dunia nzima. Hao ndio Sony hakuwapata, na sababu ni makabati ya lenzi.

#14 Kinyonga wa Tabata

Hii ina nyama. Lakini dada/kaka, mbona wenye lenzi za Nikon wao waliondoka wengi?

#15 harusi_tu

Ni dada. Wa Nikon waulize wenyewe.

#16 Mzee wa Filamu

Nakujibu mimi mwenye Nikon. Adapta ya Nikon, FTZ, haina mota ya kuzungusha lenzi za AF-D, zile zinazotegemea bisibisi ya ndani ya bodi. Zinashika, zinapiga, ila fokasi unafanya mwenyewe. Sisi tuliokuwa na 80-200 na 85 za zamani tukabaki tunatazamana. Mwenye AF-S, zenye mota ndani ya lenzi yenyewe, hakupata shida. Halafu Z6 na Z7 zilikuja na tundu moja la kadi, tena kadi ya XQD, wakati A7 III ilikuwa na mawili ya SD. Mtu wa harusi umwambie tundu moja la kadi? Kadi ikifa na bibi harusi naye kaenda honimuni, unarudia nini?

#17 Bahili Mkuu

Mniamshe kumbe nishaamka. Timu Nikon hii hapa na yenyewe inalalamika.

#18 Vumbi la Manyara

Salaam. Mimi ni dereva na mwongozaji wa wageni, kaskazini huku. Kamera sina ya maana ila naziona nyingi kuliko wenye maduka, maana zinatoka juu ya gari langu kila siku msimu ukifika.

Zamani ukifungua paa ni Canon 100-400 na Nikon 200-500, basi. Baada ya 2019 zikaanza kumiminika Sony na ile 200-600 nyeupe. Misimu ya karibuni naona Nikon wamerudi, Z8 na 180-600, na wazee wengi wanaonisimulia walikwenda Sony wakarejea.

Kuna mambo mawili hamjayagusa. La kwanza ni kelele. Chui akiwa karibu na barabara, DSLR tano zikifyatua kwa pamoja anageuza masikio. Siku hizi mgeni anapiga picha mia hakuna anayesikia, hata mimi sijui kama kapiga. Hilo peke yake liliwahamisha wengi.

La pili vumbi. Mgeni anabadilisha lenzi Tarangire mwezi wa tisa, upepo unavuma. Kwenye DSLR kuna kioo na shata, lile pazia linalofunguka picha ikipigwa, mbele ya sensa. Kwenye nyingi za hizi mpya ukitoa lenzi unaitazama sensa uso kwa uso. Canon EOS R toka mwanzo ukizima kamera shata inajifunga. Nikon Z9 ina ngao yake. A7 III haijifungi. Mimi nawaambia wageni wote bila kujali jina: zima, elekeza chini, ingia ndani ya gari, funga dirisha.

#19 Kinyonga wa Tabata

Mkuu hii ndiyo mchango. Asante.

#20 simu_inatosha

Mnabishana nani mfalme wa kijiji kinachohama. CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, takwimu zao ziko wazi: 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. 2023 hazikufika milioni 8. Aliyewashinda wote yuko mfukoni mwako sasa hivi unasoma uzi huu.

#21 NairobiRaw254

Umechanganya boss. Zilizokufa kwa wingi ni zile ndogo za mfukoni. Za lenzi za kubadilisha kilele kilikuwa 2012, milioni 20 hivi, na 2023 zilikuwa milioni 6. Zimeanguka, sawa, lakini si kwa hesabu yako. Na hizo 6 zinauzwa bei kali. Ndio maana kila mtu amekimbilia fremu kamili, pesa iko huko.

#22 simu_inatosha

Kutoka 20 hadi 6 na bado unatabasamu. Haya.

#23 Mzee wa Filamu

Lakini huyu wa simu katusaidia bila kujua. Tazama miaka: soko linaporomoka kuanzia 2012, 2013. Ofisi za Tokyo zinaona kamera ndogo zinakufa, DSLR ndiyo inayolisha familia. Ukiwa katika hali hiyo hufumui mdomo wa lenzi. Unangoja. Mimi narudi palepale: hesabu.

#24 NairobiRaw254

Kuna kitu kingine mnasahau. 2011 ilikuwa mwaka mbaya huko. Tetemeko na tsunami Japani mwezi wa tatu, halafu Oktoba mafuriko Thailand, kiwanda cha Nikon pale Ayutthaya kikaingia maji. Hiyo inarudisha mtu nyuma miaka.

#25 Mswahili wa Muscat

Mafuriko hayohayo yaliingia kiwanda cha Sony, Ayutthaya hukohuko. NEX-7 ilichelewa kwa ajili hiyo. Na 2016 tetemeko la Kumamoto likasimamisha kiwanda cha sensa cha Sony, wakakosa usingizi wote wanaonunua sensa kwake. Balaa halikuchagua upande.

#26 Kinyonga wa Tabata

Hapo kwenye sensa ndipo nilipotaka tufike. Nikon na Fujifilm wanachukua sensa kutoka viwanda vya Sony. Nikon wanasema wanachora wenyewe, sawa, lakini tanuri ni la mwenzao. Inakuwaje unashindana na mtu anayekuuzia unga? Si anaweza kukubania?

#27 Mzee wa Filamu

Akikubania, mtambo wake wa mabilioni unakaa bila kazi. Kitengo cha sensa na kitengo cha kamera pale Sony ni vitabu viwili vya hesabu. Kila Nikon inayouzwa nao wanakula. Nikon D800 ya 2012 ilitoka na sensa yao ya megapikseli 36, kabla hata A7R haijazaliwa.

#28 Fundi Lenzi

Na Canon alitengeneza zake mwenyewe, ndiyo maana hoja ya "teknolojia haikuwa tayari" siikubali kwa Canon. Dual Pixel, ile fokasi inayotumia kila pikseli ya sensa, waliiweka kwenye 70D mwaka 2013. DSLR! Yaani mwaka uleule wa A7, Canon tayari alikuwa na fokasi ya sensa iliyo bora kuliko ya A7. Akaificha ndani ya kamera yenye kioo, unaipata tu ukiinua kioo na kutazama kwenye skrini ya nyuma.

#29 Kinyonga wa Tabata

Kwa hiyo ni kiburi. Nimerudi nilikoanzia.

#30 harusi_tu

Au walikuwa wanangoja kidirisha cha kuchungulia, kile cha skrini ndogo ndani, kiwe kizuri. Mmesahau vile vya miaka ile? Mtu anacheza, wewe unaona picha inakokota nyuma yake. Ukumbini gizani ilikuwa chenga tupu. Na betri. A7 ya kwanza ilikuwa inakula betri kama mia tatu na kitu za picha, 5D unamaliza harusi nzima. Mimi 2013 ningepewa bure ningeigawa.

#31 binti_shangani

Jamani mie naomba nitoke kidogo nje ya mada, ila inahusu. Hii shata ya kimya mnayoisifu mwambieni mtu na ubaya wake.

Nilipiga nikaha, nikaweka kimya ili nisimkere kadhi. Ukumbi una taa za LED za mapambo, za rangi. Kwenye skrini nyuma naona sawa. Nafungua kompyuta, kila picha ina mistari ya mlalo, mmoja mweusi mmoja mweupe, imempita bibi harusi kutoka kilemba mpaka kifuani. Hakuna programu inayoitoa ile ikatoka vizuri. Jina la kamera silitaji, maana kosa hili wanalo wengi.

#32 Fundi Lenzi

Pole. Sababu yake ni hii: umeme wetu ni 50Hz, taa inayoufuata inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Sensa ya kawaida kwenye shata ya kimya haisomwi kwa mkupuo, inasomwa mstari kwa mstari toka juu hadi chini. Mistari mingine inasomwa taa ikiwa imewaka, mingine ikiwa imefifia. Weka 1/50 au 1/100 mara nyingi inatulia, ingawa taa za mapambo za bei chee zina mapigo yao wenyewe na hazisikii dawa. Rudi kwenye shata ya chuma, makelele yake kadhi atasamehe.

Na hapa ndipo vita vya sasa vilipo, wakuu, siyo kwenye megapikseli. Nani anasoma sensa haraka zaidi. Sony A9 ya 2017 ilianza, sensa ya tabaka, iliyopangwa kwa matabaka ili isomwe haraka, picha 20 kwa sekunde bila giza kwenye kidirisha. Nikon Z9 ya 2021 ikaitupa kabisa shata ya chuma. Kisha Sony wakatangaza A9 III mwishoni mwa 2023, sensa nzima inasomwa papo hapo. Mistari kwaheri.

#33 Bahili Mkuu

Bei ya hiyo ya mwisho?

#34 Fundi Lenzi

Ilipotoka, dola 6,000.

#35 Bahili Mkuu

Kadhi na asikie kelele.

#36 Mswahili wa Muscat

Naona hakuna aliyetaja jambo lililomnenepesha Sony kuliko yote: 2011 aliwafungulia wengine maelezo ya msingi ya mdomo wa E bila malipo. Sigma, Tamron, Samyang, baadaye Wachina akina Viltrox, wote wakaingia. Kijana akinunua bodi ya Sony anakuta lenzi za kila bei. Canon kafanya kinyume. Mdomo wake wa RF kaufunga. 2022 Viltrox waliacha kuuza lenzi zao za RF zenye fokasi ya kujiendesha baada ya Canon kuwabana. Sigma na Tamron wamepewa ruhusa 2024, tena za sensa ndogo tu kwa kuanzia.

Huku Ghuba unaiona hiyo dukani. Nenda Deira, Dubai, kabati la vitu vilivyotumika: Sony na Tamron na Sigma zake rafu kwa rafu. Na kinachojaa hapo ndicho mnachokuja kukiona Kariakoo na Luthuli. Vijana wengi wa kwetu hawajachagua Sony kwa kusoma takwimu, wamekuta ndiyo iliyoshuka bei.

#37 NairobiRaw254

> Mswahili wa Muscat alisema: aliwafungulia wengine

Amefungua mlango lakini ameweka kizingiti. Kwenye A1 na A9 III lenzi ya Sigma ama Tamron inaishia picha 15 kwa sekunde. Ya Sony inaenda 30, ama 120 kwa A9 III. Na Tamron, Sony mwenyewe ana hisa zake. Msimfanye mtakatifu.

#38 Mswahili wa Muscat

Picha 15 kwa sekunde kwenye harusi unampiga nani, swala?

#39 Vumbi la Manyara

Swala anatosha 10.

#40 Mpita Njia

Na Samsung je? NX1 ya 2014: megapikseli 28, picha 15 kwa sekunde, video ya 4K ndani kwa ndani, dola 1,500. Ilikuwa mbele ya wote. Mwisho wa 2015 wakathibitisha wanajitoa Uingereza, na kwingine ikayeyuka kimya kimya. Nadharia zenu zote, za hesabu, za mdomo, za sensa, za lenzi kufunguliwa, hebu zielezeni hiyo. Samsung hakuwa na DSLR ya kuilinda kwa miaka ile, ana viwanda vya chipu, ana pesa. Akaondoka.

#41 Mzee wa Filamu

Samsung aliangalia idadi za huyo wa simu hapo juu, akakumbuka kwamba hizo simu anaziuza yeye.

#42 simu_inatosha

Asante mzee.

#43 binti_shangani

Olympus naye aliuza kitengo chake chote cha kamera, kikatoka rasmi Januari 2021, sasa wanaitwa OM. Panasonic walishikilia fokasi yao ya kupimia ukali wa picha mpaka S5 II ya 2023, watu wa video wakawa washahama. Fujifilm ndo mjanja. X100VI ilipotoka 2024 watu walipanga foleni dunia nzima kwa ajili ya kamera ya lenzi isiyotoka. Vidude vya kuzungusha juu, rangi za filamu, tena inapendeza shingoni. Mie nnaitaka, sikatai.

#44 Bahili Mkuu

Kwa hiyo mnabishana mdomo milimita ngapi, mwenzenu anauza urembo.

#45 NairobiRaw254

Na Nikon ameona. Zf ya 2023 ni sura ya zamani kabisa, ya FM2, kamera yao ya filamu. Hawa jamaa wa Nikon mliwazika mapema. 2021 walifunga hesabu za mwaka kwa hasara, watu wakaandika rambirambi. Mwaka huohuo wakatoa Z9. 2022 RED wa Marekani, watengenezaji wa kamera za sinema, wakawashtaki kwa sababu ya hataza za video ghafi, 2023 kesi ikafutwa, 2024 Nikon akainunua RED yenyewe. Umeshtakiwa na mtu, unamnunua!

#46 Mzee wa Filamu

Nimeiprinti hiyo habari nikaibandika studio.

#47 Kinyonga wa Tabata

Jamani tuko posti ya 47. Nina kiburi, hesabu, mdomo, kidirisha na betri, makabati ya lenzi, Deira, na Samsung ambaye haingii popote. Na AP, shirika zima la habari, 2020 walitangaza wanawapa wapiga picha wao Sony, lakini ukiangalia pembeni ya uwanja kwenye Olimpiki bado lenzi nyeupe za Canon zimejaa. Mimi bado naona kuna kitu hatujakitaja.

#48 Fundi Lenzi

Spea. Kamera ikianguka Songea, unampelekea nani? Za Canon za zamani nina shata mbili tatu kwenye droo, nimezitoa kwenye bodi zilizokufa. Za hizi mpya naagiza, nangoja, mteja anakasirika. Wanaofanya kazi mbali na mji bado wananunua kile ambacho fundi wao anakijua.

#49 harusi_tu

Kweli tupu. Bodi yangu ya akiba mpaka leo ni 5D, inakaa begini kwa sababu hiyo.

#50 Bahili Mkuu

Sasa nisaidieni mimi niliyekuja kwa chai. Nina Canon 6D, naanza kuchukua harusi ndogo ndogo. Nichukue A7 III iliyotumika, EOS RP, au Z6?

#51 Mswahili wa Muscat

A7 III. Betri na kadi mbili.

#52 Mzee wa Filamu

Z6. Shika mkononi kwanza halafu uje utukane.

#53 harusi_tu

Una lenzi gani za EF? Kama unazo, RP na adapta, ila betri zake ndogo, nunua tatu. Tundu la kadi ni moja vilevile, Mzee wa Filamu asije akanirukia.

#54 Mzee wa Filamu

Nakurukia.

#55 Bahili Mkuu

Nina 50mm f/1.8 tu, na 24-105 ambayo pete ya zumu imekaza.

#56 Fundi Lenzi

Hiyo 24-105 ilete. Usiipake mafuta ya cherehani, nimeshaona watu.

#57 Bahili Mkuu

Nishapaka. Na harusi_tu, hiyo 85 yako unayosema haishiki tena nywele, unaiuza?